Sahani ya Perege Mbele ya Mkutano

Leo nimejiaibisha mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima.

Mnajua niko Mbamba Bay, kwenye mradi wa majitaka. (Ndiyo, shahada yangu yote imeishia kwenye vyoo vya watu. Mama anawaambia majirani nafanya kazi "ya maji".) Tangu wafanyabiashara waanze kujenga nyumba za wageni kila kona, mashimo ya vyoo yanafurika na visima vya jirani vinanuka. Tunataka kuchimba mabwawa ya kusafishia majitaka, na eneo linalofaa ni la wananchi wa mtaa mmoja hapa karibu na ufukwe. Wao wanaogopa uchafu utashuka ziwani uue samaki. Leo ulikuwa mkutano wa mwisho. Wakikataa, mradi unahamia mji mwingine, na mkataba wangu unaishia hapo.

Bosi akanituma mimi. "Waambie maji ya bwawa la mwisho yanafaa kumwagilia miti. Basi. Usiongeze neno."

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mpaka kioo kikanichoka.

Na nilianza vizuri! Shikamoo zangu kwa wazee zikapokelewa. Nikaeleza: majitaka yanaingia bwawa la kwanza, taka zinatuama, yanapita la pili na la tatu, jua na vijidudu vinafanya kazi yao. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kina mama wakapiga makofi. Makofi hayo ndiyo yaliyoniponza.

"Tena mabwawa yetu madogo ya majaribio," nikasema, "lile la mwisho lina perege wanene! Hata kula, unakula!"

(Nani alinituma? Hakuna.)

Vigelegele! Mwenyekiti akasema tupumzike kidogo, mgeni ale, ndipo watu waamue. Huku mgeni hutengewa meza mbele, na wote humsubiri aanze. Mama Tumaini, ambaye kisima chake ndicho kilichoharibika kuliko vyote, akaniletea ugali. Akafunua sahani ya pili.

Perege. Wanene.

Akili yangu ikaanza safari. Asubuhi mlinzi wetu alilalamika kwamba kuna watu wanaiba samaki kwenye bwawa la mwisho. Nikamwangalia perege. Perege akaniangalia. Tulikuwa kama tunafahamiana.

Nikamnong'oneza Mama Tumaini (nilidhani nimenong'ona): "Samahani mama, hawa samaki wametoka wapi?"

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Kwani kuna tofauti, mwanangu?"

"Hapana, mama! Ila mimi leo... nimefunga."

"Umefunga?" akadakia muuza chai kutoka nyuma. "Na zile chapati ulizokula kwangu asubuhi, alikula nani?"

Jamani! Mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Mama Tumaini peke yake hakucheka. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akanyofoa kipande cha samaki akala. "Ni wa ziwani hawa. Baba Tumaini kawavua alfajiri. Kula, ugali unapoa." Kisha kwa sauti ya chini: "Hata mimi ningeuliza."

Nikala. Machozi yalikuwa ya pilipili. (Ya pilipili, nimesema.)

Mwenyekiti akasimama. "Ndugu zangu, kumbe kijana ana hofu ileile tuliyo nayo sisi. Basi leo tusikatae, wala tusikubali. Jumamosi alete perege wa bwawani. Mama Tumaini atapika, yeye atakula, sisi tutamtazama. Jumapili tukimwona kanisani mzima, eneo tunatoa!"

Mikono yote ikapanda juu. Wa kwanza kunyoosha alikuwa muuza chai.

Kwa hiyo majitaka ya mji mzima sasa yanalitegemea tumbo langu. Msinicheke. Mwenye ndugu huku amwombe aniwekee nafasi kanisani Jumapili. Karibu na mlango.