Ufunguo wa Chumba cha Nyigu

Jumatatu, 4 Machi

Nyigu wamefika kwenye kituo chetu cha misitu. Wamo ndani ya chupa. Nilitarajia nyigu wa kueleweka, wenye kiuno na hasira. Hawa ni punje za chumvi zenye mabawa. Hawaumi mtu. Kazi yao ni kuwamaliza vidukari wanaofyonza misonobari yetu. Mtaalamu wa wadudu, mama mmoja mpole, alieleza kwamba nyigu hutaga yai ndani ya kidukari, kisha... Hapo nikatoka kutafuta kiti cha mbele. Niliporudi alikuwa amemaliza.

Bwana Misitu amegawa shamba. La chini langu, la juu la shemeji, mdogo wa mke wangu, ambaye kazi hii nilimtafutia mimi mwenyewe. Siku ya ukaguzi, mwenye nyigu wengi atakuwa msimamizi na atashika ufunguo wa chumba cha nyigu. Nimemwambia mke wangu cheo nimeshapata. Kamwambia mama yake. Mama mkwe tunaishi naye, na kwa miaka kumi na moja ananiita "huyu". Leo kaniita "mwanangu". Nimefurahi mpaka nimeosha vyombo.

Alhamisi, 7 Machi

Nyigu siwaoni. Shemeji kutwa yuko mitini na lenzi na daftari. Nimemdokezea Bwana Misitu, kwa nia njema tu, kwamba pumzi ya shemeji inawatisha nyigu. Akasema kinachowatisha labda ni manukato yangu. Nimemsamehe.

Ijumaa, 15 Machi

Balaa. Matawi yangu yamejaa vidukari wa kahawia, wamevimba, wameganda, hawasogei. Mizoga mitupu. Na ukaguzi ni Jumatano! Nikapata wazo, tena si la mtu wa kawaida. Asubuhi nzima nimewabandua mmoja mmoja kwa pini ya nywele ya mke wangu. Makopo manne. Shemeji alipoenda kula, nikapanda shamba la juu na kuwamwaga wote kwenye matawi yake. Kwangu kweupe, kwake makaburini. Mgongo unauma ila moyo umetulia. Mama mkwe kauliza, mwanangu, mbona umechoka hivyo? Nikasema uongozi ni mzigo.

Jumatano, 20 Machi

Mtaalamu alianzia kwangu. Akakuta vidukari wazima, wanono, wanafyonza bila wasiwasi. Nyigu hata wa dawa. Akauliza wale wa kahawia wako wapi. Nikamjibu kwa fahari kwamba mimi ni mtu wa usafi. Akanitazama kwa huruma, akaeleza upya: kidukari akivimba na kugeuka kahawia, ujue ndani yake kuna nyigu mchanga anayemla, na baada ya siku chache atatoboa na kutoka. Tukapanda kwa shemeji. Nyigu walikuwa wingu. Mtaalamu akasema hajawahi kuona shamba moja likizaa kwa mawili.

Shemeji akapewa ufunguo. Akanishukuru mbele ya watu kwa kumfundisha kazi. Maskini, hajui chochote. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nyumbani mama mkwe alichungulia mlangoni, akamtangazia mke wangu kwamba huyu karudi. Nimeumia kweli, siwezi kuficha.

Ijumaa, 22 Machi

Shemeji ana moyo mzuri, na hilo ndilo kosa lake. Kaniomba nifagie chumba cha nyigu, kisha kaniachia ufunguo. Nimefikiri sana. Ujanja wangu haukuwa na kasoro yoyote, ila ulielekea shamba lisilo lake. Rafuni kuna masinia mawili ya vidukari wa kahawia. Moja dogo. Jingine limesheheni, limefungwa kwa utepe mwekundu. Mtaalamu alipita, akaanza kunieleza kwa nini lile la utepe halifunguliwi kamwe, kitu kama nyigu wa aina nyingine wanaowala nyigu wetu. Nikawa naitikia ndiyo mama, ndiyo mama, huku natafuta mfuko.

Adhuhuri nimelimwaga lote shambani kwangu. Nimemwambia mke wangu amwambie mama yake.