Dirisha la Profesa Akonkwa

Jumatatu, 3 Julai 2000

Mtihani wa Saikolojia ya Kujifunza ni Ijumaa. Tena wa mdomo! Mwaka jana nilianguka. Papa ametangaza mezani kwamba nikianguka tena, masomo yamekwisha: nitaenda Kamituga kwa tonton Cirhuza, mjomba wangu, kubeba mchanga wa dhahabu katikati ya watu wenye bunduki. Nikamkumbusha kuwa barabara imefungwa kwa sababu ya vita. Akasema mimi ni mwanaume, na miguu yangu haijafungwa. Nimezunguka ua mpaka maman ameniomba nikae chini, eti namtia kizunguzungu.

Jumanne, 4 Julai

Nimeokoka! Kaka Alphonse, mtoto wa baba mkubwa, alisoma somo hilihili kwa Profesa Akonkwa mwaka 1995. Daftari lake limelala sandukuni kwa maman yake miaka yote hii. Profesa anatamka, wanafunzi wanaandika, na somo halibadiliki. Alphonse alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote, hakuacha hata neno. Sasa nihangaike kuelewa ya nini? Nalimeza daftari zima.

Jumatano, 5 Julai

Ukurasa wa thelathini. Virginie wa benchi la mbele anatembea kila asubuhi kutoka Nyantende, anapita vizuizi viwili vya askari, kwa sababu anapenda somo. Anapenda! Leo ameniuliza nimeelewa nini kuhusu motisha. Nikamjibu kwamba iko ukurasa wa kumi na mbili. Akacheka. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Julai

Aibu! Nimeingia na koti la papa. Profesa akauliza motisha ni nini. Nikafumba macho, nikatiririka: motisha ni nguvu ya ndani inayomsukuma mwanafunzi, nyinyi wa nyuma fungeni dirisha hilo mvua inaingia, ili alifikie lengo alilojiwekea.

Profesa akavua miwani, akauliza kwa upole ni dirisha lipi. Nikasema lile la nyuma, Profesa. Tukageuka wote wawili. Pale pana tundu na plastiki. Vioo vilikwenda na risasi za mwaka 1996, na sasa ni Julai, mvua yenyewe haipo.

Akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaacha kucheka, akaitazama ile plastiki, akauliza: "Alphonse iko wapi siku hizi?" Alijua daftari ni la nani! Nikasema alikimbia vita kupitia Kamanyola mwaka uleule wa risasi, na mpaka leo hatuna habari zake. Nikajikuta nami naitazama plastiki.

Amenipa mpaka Jumatatu. Nirudi nimwambie, kwa maneno yangu mwenyewe, nini kinanisukuma kusoma. Nikishindwa, ni sifuri.

Jumamosi, 8 Julai

Karatasi nyeupe tangu asubuhi. Nimekaa, nimesimama, nimechonga kalamu mpaka imekwisha. Nini kinanisukuma? Papa. Kamituga. Zaidi ya hapo sioni kitu. Nilianza kuandika jinsi Alphonse alivyonifundisha kusoma kwa vibao vya maduka, tukiteremka kwenda sokoni, na jinsi ninavyovisoma hadi leo kwa sauti yake. Nikafuta. Mambo ya nyumbani hayo, si ya chuo kikuu.

Jumapili, 9 Julai

Nimekwenda Nyantende kwa miguu baada ya misa. Kwenye kizuizi cha pili askari wamenipekua hadi soksi. Kila siku anapita hapa, yule Virginie! Nimemwomba ile kazi yake ya mwezi wa tatu, iliyopata kumi na nane juu ya ishirini. Ilikuwa juu ya swali hilohilo. Amenipa bila kinyongo, akasema: "Soma tu, ikusaidie kuwaza yako." Kuwaza! Na muda uko wapi?

Jumatatu, 10 Julai, asubuhi

Nimeimeza yote! Miguu haitulii kwa furaha. Safari hii nimekagua kila mstari: hakuna dirisha, hakuna mvua. Kamituga watanisubiri sana. Naondoka sasa, na Profesa atalia tena, maana inaanza vizuri mno: "Mimi, binti wa kwanza wa mwalimu wa Nyantende..." Sijaruka hata koma.