Futi Mlangoni

Jumanne, 4 Machi
Nimepokea lesi ya gauni la harusi la mpwa wangu. Dada kaniambia ndiyo hiyo tu, dukani imekwisha, na harusi ni Jumamosi. Nikiiharibu, nisimwite dada tena. Nimecheka. Fundi kama mimi!
Mama Pindo, mwenyekiti wa chama cha mafundi cherehani, kapita tena kunishawishi nijiunge. Eti mwanachama akikwama hutundika futi yake ya kupimia mlangoni, na kila fundi apitaye lazima aingie kumsaidia. Nimemjibu kwamba futi yangu ina kazi. Chama cha wasiojua kushona!

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Mikono yote miwili ya gauni nimeikata ya kushoto. Sikugeuza karatasi ya kipimo nilipokata wa pili. Nimejaribu kuupindua nje ndani, maua yakalala kifudifudi. Lesi iliyobaki ni vipande vya kuokota sakafuni.
Mpwa wangu kaja kujaribu. Nimemshauri aufiche mkono mmoja mgongoni harusi nzima, ndio mtindo siku hizi. Kalia. Mtoto niliyemshonea sare yake ya kwanza! Roho imeniuma.
Nimepata hila. Nitatundika futi. Mimi si mwanachama, lakini futi haijaandikwa jina.

Ijumaa, 7 Machi
Mungu wangu, nimeona mambo!
Nimetundika asubuhi. Hata sijakaa, kaingia fundi mashati wa kona. Kisha fundi suruali, cherehani kichwani. Kisha Mama Pindo mwenyewe. Nikajua leo naumbuka. Kautazama ule mkono, kauliza vipande viko wapi. Basi!
Hakuna aliyecheka. Huyu anafumua, yule anapasha pasi, Mama Pindo anakata lesi kwa kufuata maua na kuyaunganisha, ua kwa ua. Mikono tu inasema. Miaka yote hii nimeshona peke yangu, sikujua kazi yetu ni nzuri hivi. Walipomaliza nimekitafuta kiungo kwa miwani, kisha kwa kidole. Hakipo!

Jumamosi, 8 Machi
Mpwa wangu kawapungia watu mikono yote miwili. Nimelia kuliko mama yake. Dada bado ni dada.

Jumatatu, 10 Machi
Nimejiunga! Nikaungama kwamba Ijumaa sikuwa mwanachama. Mama Pindo kasema walijua wote. Aliyekwama ni fundi, hiyo inatosha, na kesho zamu yangu kuingia kwa mwenzangu. Maneno hayo yameniingia mpaka kwenye mifupa.
Nimerudi dukani nikakuta rundo la mapazia ya ukumbi wa shule yakiningoja niyashone. Marefu, mazito, na jua la mchana linaleta usingizi.
Nimetundika futi. Nimejilaza juu ya mapazia. Nasikia viatu vya Mama Pindo vinakuja mbio, na mimi nakunja uso nifanane na mtu aliyekwama.