Vinara Vyangu vya Madhabahuni

Jumatatu, 30 Juni 2025
Bwana Yesu asifiwe, daftari langu. Hujambo? Jalada limepona ile chai niliyokumwagia? Mimi mzima, ila baridi ya Ipogolo wiki hii inaingia hadi kwenye meno.

Siri. Wiki mbili zijazo mtaa wetu unachagua mzee wa kanisa. Mmoja tu. Miaka kumi na miwili nakiombea kiti hicho, na miaka kumi na miwili Bwana anashughulika na mengine. Mpinzani wangu ni Filemoni, mwenye trekta. Aliipa kanisa saa ya ukutani. Imesimama saa nne na dakika kumi tangu Machi, na bado anashukuriwa kila Jumapili!

Mimi nitatoa vinara viwili vya mishumaa. Vya sasa ni vya bati, kimoja kimeinama kama kinatoka kilabuni. Nimeagiza kwa Muharami, fundi wa kuchomelea kule Uyole, Mbeya. Mke wangu Frida kauliza, natoa kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya Filemoni. Maswali gani hayo!

Alhamisi, 3 Julai
Vimefika kwa basi. Konda kaniuliza hizi jeki ni za gari gani. Muharami kavitengeneza kwa vyuma vya lori bovu. Kwenye simu anaapa, mzee wangu, hata semi ipite juu havipindi. Nimemjibu madhabahuni kwetu semi hazipiti.

Mpango: navipeleka kwenye gunia, bila jina. Unyenyekevu! Kisha Frida "anateleza" ulimi mbele ya akina mama. Kakubali, kwa kitenge.

Jumamosi, 5 Julai
Kinara kimoja kinazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Cha pili Frida anapondea kitunguu saumu. Nimefoka. Kanijibu, Baba Ipyana, hadi kesho vikae tu vinatutazama? Jirani yetu Yusta kaja kuazima kimoja akapondee karanga. Kapewa! Chombo cha madhabahu!

Jumapili, 6 Julai
Sikukuu ya mavuno. Nikaweka gunia mbele, kati ya maboga na jogoo. Nikarudi benchini, nikainamisha kichwa. Jicho moja wazi.

Ee Mungu wangu. Nimesali hapa tangu ubatizo, nikasahau kwamba siku ya mavuno kila kilichowekwa mbele kinatoka nje kunadiwa!

Aroni, mnadishaji wetu, akavitoa kwenye gunia. Akatangaza hajui ni jeki au ni michi, ila anayevitaka aseme. Wakacheka. Ningesema ni vyangu? Na unyenyekevu je? Nikapanda dau. Filemoni akapanda. Nikapanda. Nilipofikia bei ya mbuzi wetu, Frida akanivuta koti. Filemoni akavichukua, akavigeuza, akasema hivi ni vinara, anavitoa madhabahuni. Vigelegele! Mchungaji akamshika mkono. Nami nikapiga makofi.

Ndipo Frida, mwaminifu kwa kitenge chake, akateleza ulimi: vinara vile ni vya mume wangu. Yusta, shahidi pekee, hakuwepo; mama mmoja akamkumbatia. Pole mama Ipyana, akasema, wote tumeona alivyovipigania.

Jumapili, 13 Julai
Filemoni kachaguliwa. Vinara vimewashwa, vikapata joto, kanisa likanuka kitunguu saumu. Mchungaji akapiga chafya kwenye baraka.

Na mimi nimepata cheo! Kwa kuwa wameona navipenda mno, kila Jumamosi nitavisugua kwa majivu.

Lakini sijakata tamaa. Kanisa halina kengele. Nimeshampigia Muharami: rimu ya lori, nyundo yake, mlio ufike Mbeya. Kosa lilikuwa gunia, watu waliliona. Safari hii siri zaidi. Nitaizungushia blanketi, niiweke mbele usiku wa kuamkia ibada ya shukrani, ile yenye mnada mwingine.

Au kwenye boksi? Daftari langu, wewe ndiye unayenielewa. Nijibu mapema, kabla Filemoni hajasikia.