Kumbe na Daktari Anakoroga

Jamani, leo nimeumbuliwa na mashine niliyoibeba kwa mikono yangu mwenyewe. Nimejifungia gesti hapa Geita, uso nimeuosha mara nne kwa sabuni ya mche, na aibu bado haijatoka.

Kazi yangu mnaijua. Natafiti madhara ya zebaki kwa wachimbaji wadogo. Wanaosha mchanga kwenye beseni, wanaukoroga na zebaki kwa mikono mitupu, dhahabu inashikana, halafu wanaichoma. Moshi wake ni sumu. Mwezi mzima nimewabembeleza kina mama wa sehemu moja ya kuoshea mchanga wakubali kupimwa. Mwezi mzima! Leo ilikuwa nafasi ya mwisho. Mwenyekiti wao, Mama Ng'washi, alishanionya kwamba wenzake wakikataa leo, nisirudi tena. Nisiporudi, utafiti umekufa, na wao wanaendelea kuchoma sumu jikoni, pembeni ya sufuria ya ugali.

Basi asubuhi nikajiremba, maana nilijua kuna picha za ripoti. Nikajipaka krimu yangu, ile ya kopo jeupe niliyonunua Kahama kwa dada mmoja anayetembeza vipodozi stendi. (Msiniulize jina lake. Kopo halina jina.)

Nikafika. Shikamoo, marahaba, habari za watoto. Nikatoa mashine, nikawaeleza kwamba inanusa: penye mvuke wa zebaki inapiga kelele, pasipo na kitu inanyamaza. "Haidungi, haitoi damu," nikasema kwa madaha. "Nani anaanza?"

Kila mtu akageuka kuangalia beseni lake.

"Mayo," akasema Mama Ng'washi, akiniita mama kwa Kisukuma, "hiyo mashine yako sisi hatuijui. Anza wewe, daktari."

(Mimi si daktari. Nimewaambia hivyo tangu siku ya kwanza. Hawataki!)

"Mimi sina zebaki, mama."

"Ndiyo maana. Tuone inavyonyamaza kwa mtu msafi."

Mtu msafi! Kichwa kikavimba. Nikaielekeza mkononi. Ikalia kidogo. Nikacheka, nikasema ni upepo huo. Nikaisogeza shavuni.

Ikapiga yowe!

Nikaizima. Nikaiwasha. Nikaipiga kofi. Nikaielekeza kwa Mama Ng'washi, mtu aliyechoma dhahabu jana tu, ikanong'ona. Nikairudisha usoni kwangu. Yowe! Kuku wakakimbia.

"Imeharibika," nikasema. Jasho linanitoka.

Mama Kulwa, yule mwenye maneno kuliko wote pale, akanisogelea, akaninusa kama mtu anayekagua dagaa. "Daktari, unajipaka nini?"

"Krimu tu."

"Ya kung'arisha?"

Nikajifanya nakagua betri ya mashine. Akachukua kipeperushi nilichowagawia mwenyewe, akafungua ukurasa wa pili, akasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki." Niliyeandika hayo ni mimi! Nilikuwa najua, jamani. Nilidhani nawaandikia watu wengine.

"Mkorogo!" Mama Kulwa akapiga vigelegele. "Sisi tunakoroga kwenye beseni, kumbe na daktari anakoroga usoni!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye tope. Mimi nikaanza kufunga begi. Nilijisikia vibaya kweli. Kazi ya mwezi mzima imezikwa na kopo la krimu.

"Unakwenda wapi?" Mama Ng'washi akaniuliza. "Kaa hapo." Akavuta dodoso langu, akachukua na kalamu yangu, akanikazia macho. "Zebaki unaitumia mara ngapi kwa wiki?"

"Mama, tafadhali..."

"Mara ngapi?"

"Kila siku. Asubuhi na jioni."

Wakaguna wote. Akaandika.

"Umewahi kuambiwa madhara yake?"

"Ndiyo."

"Na ukaendelea?"

"Hilo swali halimo kwenye dodoso!"

"Nimeliongeza."

Akaweka kalamu chini, akanyoosha mkono. "Lete hilo kopo. Wewe ukiacha, na sisi tunapimwa, na jikoni hatuchomi tena. Ukikataa, beba mashine yako uende."

Kopo lilikuwa kwenye pochi. (Ndiyo, natembea nalo. Naomba tusonge mbele.) Nikalitoa mbele ya watu wote, likaingia kwenye mfuko wa sampuli, likafungwa. Mama Ng'washi akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," kisha akajipanga wa kwanza. Wakapimwa wote, hata yule wa kwenye tope. Ningelia kwa furaha, ila niliogopa machozi yangu nayo yangeiliza mashine.

Jioni nikatuma majibu kwa bosi. Sasa hivi kanipigia, kafurahi hajapata kufurahi hivi. "Ila huyu mshiriki namba moja," akasema, "aliyewapita wote kwa zebaki, ametushtua. Tumtafute haraka tumpe elimu. Anafanya kazi gani?"

Nimesingizia mtandao, nimekata simu. Atakayecheka, naijua krimu yake, na mashine bado ina chaji.