Samli Ndani ya Chumvi

Jumatatu, 3 Februari

Garsen. Joto nyuzi thelathini na sita! Chumvi yangu ni ya kimaabara, si ya mezani: yenyewe ni majimaji tangu kuzaliwa. Kazi ni kuichanganya na maji, kupitisha mawimbi ya ultrasound na kujua molekuli zinavyoshikana. Lakini lazima iwe nyuzi ishirini na tano, nami sina friji. Mwenzangu Hulda, kule Idsowe, anapima chumvi hiyohiyo kwa mashine ya mwanga. Ijumaa profesa ataamua jina la nani litangulie kwenye makala. Hulda hanitangulii tena!

Jumanne, 4 Februari

Abdinur muuza maziwa ana friji ya sola. Kusikia ultrasound, akaruka: mkewe alipigwa hiyo hospitalini, akaonyeshwa mtoto. Basi nimpige na ng'ombe wake, atauzwa mnadani Alhamisi, ndipo chupa yangu ikae frijini. Nikamwambia hii ni ya vimiminika. Akauliza, kwani tumboni mwa ng'ombe mna mawe? Hoja nzito. Nikakubali.

Jumatano, 5 Februari

Hospitali hupaka mafuta kwanza. Mimi sina. Nikakipaka kipimo changu cha mawimbi samli ya Abdinur, nikakibandika tumboni mwa ng'ombe. Ng'ombe akarusha teke! Namba zikaruka. Nikatangaza kwa sauti ya daktari: mimba, tena ndama jike.

Kipimo nikakifuta kwa shati, nikakirudisha kwenye chumvi. Ajabu! Mawimbi yamebadilika kabisa. Ugunduzi! Profesa nimeshamtumia ujumbe.

Alhamisi, 6 Februari

Aibu. Abdinur alipandisha bei ya ng'ombe mwenye mimba. Ng'ombe, mbele ya wanunuzi wote, akaanza kutaka dume! Mnada mzima ukaangua kicheko. Abdinur akaitoa chupa yangu frijini, akaiweka juani na kusema njia ya mwongo ni fupi. Wivu wa sayansi huo.

Ijumaa, 7 Februari

Profesa aliagiza chupa yangu ipelekwe Idsowe kuhakikiwa, na Hulda ameipitisha kwenye mwanga. Akapiga simu akicheka: kwenye chumvi yangu kuna mafuta ya kupikia, nilikuwa napima au nakaanga? Profesa ameamua: jina lake linatangulia. Langu litafutwa nisiporudia vipimo vyote ndani ya wiki moja. Nimeumia. Kweli nimeumia.

Sasa natafuta friji. Sadia wa duka la soda anayo. Ana mbuzi watatu, anataka kujua kama wana mimba. Nimemwambia awalete kesho asubuhi.

Samli bado imebaki.