Maji ya Bomba na Wakwe wa Songwa

Jumatatu, 7 Oktoba

Barua imefika. Wazee wa upande wa Wiliam, yule kijana anayemtaka binti yangu Rebeka, wanakuja kutoka Songwa Jumamosi hii kuleta posa. Mke wangu, Mama Rebeka, hakupiga hata kigelegele. Aliuliza tutawapikia kwa maji gani.

Swali la haki. Bomba lilipofika mtaani kwetu, hapa pembezoni mwa Geita, tulicheza ngoma. Halafu tukafua. Maji yanatoka kwenye kisima kirefu kilichochimbwa kwenye mwamba, na ni magumu kama mwamba wenyewe. Sabuni haitoi povu, inakatika tu kama maziwa yaliyoharibika. Shati langu jeupe la kanisani lina rangi ya uji wa dona. Taulo likikauka linasimama lenyewe. Maharage yanabandikwa asubuhi na jioni bado yanagonga sufuria.

Mama Rebeka anataka tuombe ndoo mbili kwa jirani Donatus, mwenye tangi la maji ya mvua lenye kufuli. Nimekataa. Donatus akinipa ndoo mbili, Jumuiya nzima ya kanisa itajua kabla sijazifikisha nyumbani. Nimetangaza kwamba kufikia Jumamosi maji ya bomba letu yatakuwa laini. Mama Rebeka akauliza, yatalainishwa na nini. Nimesema, na sayansi. Miaka ishirini na mbili nimetunza stoo. Najua mambo.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimetengeneza chujio. Ndoo yenye matundu chini, kokoto, mchanga, juu mkaa. Mkaa nimeuchukua kwenye gunia la Mama Rebeka akiwa sokoni.

Saa ya kwanza maji yalitoka meusi. Saa ya pili yakatoka meupe kabisa, mazuri, ya kupiga picha. Ushindi! Nikanawa kwa sabuni. Povu hakuna.

Rebeka akarudi kutoka zahanati anakofanya kazi ya uuguzi, akaniangalia nikisugua mikono. Akanieleza kwa adabu kwamba ugumu wa maji umeyeyuka humo ndani kama chumvi kwenye mchuzi, na hakuna anayechuja mchuzi akaipata chumvi yake. Nikamjibu marahaba, ingawa hakuwa amenisalimu. Ilimaliza mazungumzo.

Jioni hatukupika. Mkaa uliobaki ulikuwa umelowa. Lakini chujio ni zuri sana kwa macho na nimeliweka barazani, upande unaoonekana kutoka kwa Donatus.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo ushindi wa kweli. Birika letu lina ukoko mweupe ndani, mnene kama kucha. Ukimimina chai, vipande vinaelea kwenye kikombe. Wakwe hawawezi kunywa vipande.

Nikapata ndimu kumi kwa Eufrasia wa genge. Nikakamua zote, nikachemsha ndani ya birika. Ukoko ukaanza kutoa vipovu, ukalegea, ukabanduka vipande vikubwa kama maganda ya mayai. Chini nikaona bati linang'aa, na uso wangu ndani yake. Mama Rebeka aliita majirani wawili waje waone. Alisema, mume wangu ana akili. Nimeandika hapa maneno yake kamili ili yasipotee.

Kisha akatia maji. Birika likavuja sehemu tatu. Kumbe kitako kilishaoza zamani, kilichokuwa kinazuia maji ni ule ukoko. Mama Rebeka alilisukuma birika pembeni. Alitoa sufuria kabatini, akaifuta taratibu, huku ananiangalia mimi, si sufuria.

Hata hivyo, ukoko nimeushinda. Hilo halina ubishi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Magadi! Mama yangu alitia magadi kwenye maharage miaka yote na sikuwahi kujiuliza. Kama yanalainisha maharage, yatashindwaje na maji?

Nikatia konzi moja kwenye ndoo. Maji yakawa na ukungu, ukungu ukatua chini. Nikachota ya juu, nikaweka sabuni. Povu! Povu mpaka kwenye viwiko. Nimefua shati la kanisani mara tatu, mara mbili za mwisho kwa furaha tu. Ni jeupe kama siku nilipolinunua.

Donatus alisimama kwenye uzio wake, hakuweza kujizuia. Aliuliza natumia sabuni gani siku hizi. Nikamwambia nitafikiria kama nimwambie. Alikaa pale kama dakika tano.

Rebeka alipofika nikamwonyesha. Akafurahi kweli. Akasema kwa kufulia inafaa, ila kwa kupikia niende polepole, kidogo tu inatosha. Ni binti mzuri, lakini hajawahi kutunza stoo. Kama konzi moja inafanya vile kwenye ndoo, fikiria mfuko mzima kwenye pipa. Nimeutia wote. Viganja vinawasha kidogo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimesalitiwa. Mama Rebeka amekwenda kwa Donatus bila kuniambia. Na Donatus, ili kunimaliza kabisa, amezibeba ndoo mbili yeye mwenyewe mpaka jikoni kwangu. Hakucheka. Alisema tu, jirani, ugeni wako ni ugeni wangu. Mtu mwerevu sana yule.

Nilifikiri mchana kutwa. Kesho wakwe watasifu chai, na sifa zitakwenda kwenye tangi la Donatus. Ndani ya nyumba yangu! Siku ya binti yangu!

Kwa hiyo Mama Rebeka alipokwenda kusuka nywele, nimemwagilia miche ya mipapai kwa maji ya Donatus, ndoo zote mbili. Nikazijaza upya kutoka kwenye pipa langu. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. Nimefunika vizuri. Nina amani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika haya nikiwa nimevaa shati jeupe.

Walifika saa nne: Mzee Bujiku, baba mkubwa wa Wiliam, na Bibi Scolastika, bibi yake Wiliam, ambaye Mzee alikuwa akimwangalia kwanza kabla ya kusema lolote. Bibi hakutabasamu. Mzee Bujiku alinong'ona kwamba Bibi hali chakula vizuri siku hizi, na kwamba neno lake ndilo la mwisho.

Chai ikaja. Ilitakiwa iwe chai ya tangawizi. Ilikuwa nyeusi kama oili chafu. Mzee Bujiku alikunywa funda moja, akakiweka kikombe chini kwa uangalifu, hakukigusa tena. Mimi nikaonja. Ni kama kulamba kipande cha sabuni chenye sukari. Nikamwona Rebeka amesimama mlangoni, anakiangalia kikombe, kisha ananiangalia mimi. Alijua. Macho yake yalijaa machozi, na kwa mara ya kwanza wiki hii nikatamani ningelikuwa mtu mwingine.

Bibi Scolastika alikuwa bado anakunywa. Alimaliza kikombe. Akaweka mkono kifuani.  Kisha akacheua. Kilikuwa cheuo kirefu, cha heshima zake, na uso wake wote ukafunguka.

"Wiki tatu kifua changu kinawaka moto," alisema. "Leo umezimika. Huyu binti ametoka nyumba inayojua kutunza wazee. Niongezeeni."

Kiungulia! Magadi yamekizima kiungulia! Posa imepokelewa papo hapo. Vigelegele mpaka barabarani. Maharage yalikuwa yameyeyuka yakawa uji, Bibi akayasifu pia, maana meno yake ni manne. Alinishika mkono akaniambia wabeja, wabeja sana, asante ya Kisukuma, kama vile nimemfufua.

Rebeka alimketisha pembeni, akamweleza kwamba kikombe cha pili hapana, magadi mengi hayamfai mtu wa presha, na kwamba Jumatatu aende hospitali akaangaliwe. Bibi alimsikiliza kama mtoto. Nadhani hapo ndipo alipompenda hasa.

Walipoondoka Rebeka alikuja akakaa karibu nami. "Baba," alisema, "siku nyingine niulize kwanza." Nikasema sawa. Akalaza kichwa begani kwangu, kwenye shati jeupe. 

Jumapili, 13 Oktoba

Mama Rebeka ameligundua suala la mipapai. Majani yamekauka pembeni. Nilikuwa nimesuuzia hapo pipa la magadi. Nikakiri yote. Amenipeleka kwa Donatus mwenyewe, nikaomba radhi kwa kumwaga maji yake. Donatus alicheka mpaka akakaa chini, akasema wiki ijayo atanisaidia kufunga mifereji kwenye paa, mvua zinakaribia. Nimemshukuru. Sidhani kama tutaihitaji.

Maana baada ya misa nilikutana na Asteria, mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa. Amesikia habari za Bibi. Mtaa mzima umesikia. Nikamuuliza, kwa utulivu, ufunguo wa lile tangi kubwa la mlimani, linalolisha nyumba mia mbili, huwa anakaa nao nani. Akauliza kwa nini. Nikasema nataka kuangalia tu.

Nimeshapiga hesabu. Magunia manne ya magadi. Kisha nimefuta nikaandika matano, tusije tukaaibika.